Meko ya matofali uani: mbona yanapasuka?

SWALI: Nataka kujenga meko ya matofali nje ya nyumba, na sijawahi kushika mwiko. Je, saruji ya kawaida inatosha? Na nifanyeje moshi usirudi usoni?

JIBU: Saruji inatosha kwa msingi na ukuta wa nje tu. Ndani, palipo na moto, usiitumie kabisa: joto kali huondoa maji yaliyoishikilia, ikageuka unga na viungo vikaachia. Huko weka matofali yanayostahimili moto, uyaunganishe kwa udongo maalumu wa tanuri, viungo vyembamba vya milimita 3 hivi. Kati ya tabaka hilo na ukuta wa nje acha nafasi ya sentimita 2, kwa kuwa matofali ya ndani hutanuka yakipata moto. Wengi huziba nafasi hii kwa saruji, na ndipo nyufa zinapoanzia.

Msingi: chimba sentimita 30, shindilia kokoto sentimita 15, kisha mwaga zege kina hichohicho. Liache siku 7, ukilimwagia maji.

Moshi hurudi usoni ikiwa dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ni nyembamba. Eneo la tundu lake liwe angalau moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 75 kwa 60 unahitaji tundu la sentimita 20 kwa 23.

Ukimaliza, usikimbilie moto mkubwa. Subiri wiki 4, kisha washa vijiti vichache kwa siku kadhaa. Maji yaliyobaki yakichemka ghafla, mvuke hupasua viungo.