Barua kwa mwanangu: aliyesema yuko wapi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Ya tatu nilikuwa kwenye feri ya Likoni, nimebanwa na watu, simu nimeigandamiza sikioni. Unasema kampuni imewatumia fomu ya maoni kwenye simu: unaridhika na msimamizi wako, unajisikia huru kusema, ungemwita rafiki yako aje kufanya kazi hapa. Wameahidi majina hayatajulikana. Nawe unaniuliza, "Mama, niandike ukweli, au nibonyeze tano tano, alama ya juu kabisa, kama wenzangu niendelee na kazi?"

Kwanza nami nikuulize. Idara yenu mko watu saba. Fomu imetaka umri, jinsia, na miaka uliyokaa kazini. Kati ya watu saba, mwanamume wa miaka 33 aliyekaa kazini miaka minne ni nani kama si wewe? Sisemi wanadanganya. Huenda aliyeitunga fomu huko makao makuu ana nia safi kabisa. Lakini fomu haisomwi na aliyeitunga peke yake.

Tena kuna yule binti wa hesabu. Mwaka jana ulinihadithia, tukila mahamri barazani kwa shangazi yako, kwamba aliandika waziwazi jinsi meneja anavyowatumia kazi saa nne usiku na kuwabandika majina ubaoni kwa rangi nyekundu. Baada ya miezi miwili akahamishiwa Eldoret. Wewe ukalisema hilo kama jambo la kupita, ukaongeza mbaazi. Mimi sikulala.

Unalijua neno la babu yako, nimewaimbia nyote tangu mko wadogo: usitazame wanakuuliza nini, tazama aliyesema yuko wapi. Hakulitoa hewani. Januari 1947 alikuwa Kiwanja cha Maskini, uwanja walipokutania wagomaji hapa Mombasa, kijana wa makuli pale bandari ya Kilindini, mji mzima umegoma: bandari, reli, mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Chege Kibachia ndiye aliyewasemea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekamatwa na kupelekwa Kabarnet, mbali na bahari. Babu yako kila akihadithia alifika hapo akanyamaza, kisha akasema, "Na mishahara ikaongezwa." Hayo mawili aliyaweka pamoja hivyo hivyo, asituambie lipi lina uzito zaidi. Mpaka leo sijui alitaka tuchague lipi.

Lakini nilitaka kukwambia la godauni. Sijawahi kukuhadithia lote.

Unajua nilikuwa karani wa kuhesabu kwenye godauni la chai Shimanzi, kampuni kubwa, watu mamia. Mnada wa chai uko hapa Mombasa tangu 1969, na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, yote ilikuwa ikipita mikononi mwetu: magunia ya karatasi ya kilo 60 na kitu, yamepangwa juu ya paleti mpaka karibu na dari. Chai hunywa unyevu na hunywa harufu. Ukiiweka karibu na sabuni, mnunuzi wa Pakistan ataonja sabuni. Kwa hiyo paa la godauni la chai si jambo dogo.

Bati la tatu kutoka mlango wa pili lilikuwa limetoboka. Aliyenionyesha ni hamali mmoja, mtu wa Rabai, mrefu, mkimya, aliyekuwa kibarua pale miaka sita. Alipanda juu ya magunia akaingiza kidole kwenye tundu ili nione mwanga ukikatika. Nikaandika kwenye daftari la matukio, lile refu lenye uti wa kitambaa chekundu. Nikaandika mara tatu, Julai, Agosti, Septemba. Kila mara meneja alitia herufi zake pembeni kwa wino wa kijani, maana yake ameona.

Huo ulikuwa mwaka 1997. Agosti ndiyo yale mauaji ya Likoni, wenzetu wengi wa bara wakakimbia, kazi ikatuelemea tuliobaki. Oktoba ikaja El Niño. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi tulipofungua mlango wa pili harufu ilitupokea kabla ya macho. Safu nzima ilikuwa imelowa. Ukishika gunia, karatasi inabaki mkononi kama mkate uliochovywa chai. Magunia 36. Niliyahesabu mwenyewe, ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Saa tano tukaitwa ofisini. Meneja, karani mkuu, nyapara, mimi, na yule hamali, amesimama, kofia mkononi. Meneja alisema Kiingereza, nyapara akatafsiri nusu. Ikawa hamali ndiye aliyeyapanga magunia mahali pabaya. Kisha meneja akauliza, na hili alilisema kwa Kiswahili, "Kuna yeyote aliyewahi kutoa taarifa ya paa?"

Daftari lilikuwa mezani. Limefungwa. Kiwiko chake kiko juu yake.

Hamali alinitazama. Hakujua kusoma, lakini alijua nimeandika, alikuwa amesimama ubavuni pangu mara zote tatu. Mimi nikatazama feni. Ilikuwa na bawa moja lililopinda, na kila ikizunguka inagonga. Niliisikia ikigonga, ikigonga, mpaka meneja akasema basi.

Akalipwa siku zake za wiki ile akaondoka, kile kigunia chake cha kuwekea begani amekikunja vizuri chini ya kwapa. Desemba kampuni ikachinja mbuzi, meneja akasimama akatuambia sisi ni familia moja. Ndiyo maana uliposema meneja wenu naye ana neno hilo kila mkutano wa Jumatatu, nilikukatiza. Familia haimpi mtu notisi, mwanangu. Kazi ni kazi, na inaweza kuwa nzuri sana bila kuitwa familia. Nyapara yule yule aliyetafsiri nusu, mtoto wake alipofariki tulimchangia mpaka vibarua, hakuna aliyetuamuru. Kwa hiyo uzuri ulikuwepo, ila haukutoka kwenye ile hotuba.

Marehemu babako aliniambia usiku ule, "Umefanya la mama." Yeye hakuwa na kazi, wewe ulikuwa nasari na pumu yako, dawa zinanunuliwa kila mwezi. Nililishika neno hilo miaka mingi, likanipoza. Sasa haliniponyi tena. Maana nikijiambia ningefukuzwa, najibu: hukujaribu hata kusema, "Bwana, tufungue daftari." Halafu nasema, na ningefukuzwa kweli, ungesoma na nini? Halafu nasema, yeye pia alikuwa na wa kusomesha. Nazunguka hapo hapo.

Miaka saba baadaye nilimkuta hamali yule Kongowea, anauza madafu kwenye mkokoteni. Alinitambua yeye kwanza. Akachagua dafu, akalikata kwa mapigo matatu, akanipa, akakataa pesa. "Kunywa, mama, jua kali." Hakutaja godauni. Nilikunywa lote nimesimama pale, na sijawahi kunywa kitu kizito kama kile.

Siku hizi kuna sheria, nami nimeisoma, kaka yako alinichapishia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa kosa la kazini, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kukaa na mwenzake au mwakilishi wa chama, amchague mwenyewe, naye asikilizwe. Kifungu cha 37 nacho: kibarua aliyefanya kazi siku zinazofikia mwezi mzima mfululizo anahesabiwa wa mshahara wa mwezi. Yule alikuwa na miaka sita. Na hata Katiba ya 2010 ina kifungu chake cha 41, na hicho pia ni cha haki za wafanyakazi. Nilipofika pale pa kumchagua mwenzako, niliiweka karatasi chini. Kama siku ile angeambiwa achague mtu wa kukaa naye, angenichagua mimi.

Haya nakuandikia ili uyajue, ukiitwa ofisini usisimame peke yako na kofia mkononi. Tena jumbe zile za saa nne usiku usizifute. Likizo uliyonyimwa, iandike tarehe uliyoomba na aliyekukatalia, uweke nakala nyumbani. Mimi niliandika vizuri sana lakini daftari nililiacha kwao.

Sasa unataka niseme andika au usiandike. Wallahi ulimi unaniwasha. Asubuhi nikiamka nasema andika, mwanangu, andika yote, mtu akiulizwa na kunyamaza hubaki akisikia feni ikigonga. Jioni nakumbuka kodi yako na mkeo mwenye mimba ya miezi sita, nasema bonyeza tano tano, Mungu anajua moyo wako. Sitachagua. Babako alinichagulia neno la kunipoza, na nimechukua zaidi ya miaka ishirini kulitoa. Sitaki nikupe wewe lako.

Ila kuna jambo moja hukuniuliza. Ulisema kila mtu katika ile idara anajua binti yule alihamishwa kwa nini. Watu saba wanajua. Nikauliza moyoni, kuna yeyote aliyemwandikia hata salamu? Amekwenda mji asio na mtu, ameacha watoto kwa mamake Mtwapa, na nyinyi mnabonyeza. Kabla hujaigusa fomu hiyo, mtafute. Muulize walimwambia nini walipomwita, alikuwa na nani, kama alipewa karatasi. Muulize na hali yake tu. Mimi nilingoja miaka saba, na ilipofika siku yeye ndiye aliyenisalimu.

Mpe mkeo salamu, mwambie unga wa muhogo nimemtumia kwa basi la Alhamisi. Namba ya yule binti bado unayo?

Mimi mamako,
Likoni