Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Dawa Mpya ya Alzheimer

Tangu mama yetu agunduliwe kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, jamaa zetu wa Kisumu na Ahero hututumia kila habari ya dawa mpya, na kuna kikao cha ukoo ambapo wazee walipendekeza tuuze sehemu ya shamba la mpunga ili apelekwe ng'ambo. Ninauheshimu upendo huo. Hata hivyo, familia iliyofikia hapo ninaishauri iulize kwanza dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa hatua gani.

Lecanemab, mojawapo ya dawa hizo mpya, iliyopata idhini kamili nchini Marekani Julai 2023, huondoa protini ya amiloidi inayojikusanya katika ubongo. Ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa muda wa miezi 18, wote wakiwa katika hatua za mwanzo, na waliopewa dawa walidhoofika polepole kwa asilimia 27 kuliko waliowekewa dripu isiyo na dawa. Asilimia hiyo huvutia, lakini katika kipimo cha alama 18 cha kumbukumbu na uwezo wa kujihudumia, tofauti ilikuwa alama 0.45, na kumbukumbu iliyokwisha kupotea hairudishwi. Mama, ambaye sasa husaidiwa kuvaa, asingekubaliwa katika jaribio hilo.

Ulizeni pia matibabu yenyewe huendaje. Dripu ya lecanemab huanza kwa kuwekwa kila baada ya wiki mbili, na mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kadhaa kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa waliorithi nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer. Kwa hiyo bei ya dawa peke yake haiwaonyeshi gharama mtakayobeba. Wala idhini haimalizi maswali: aducanumab, dawa nyingine ya kuondoa amiloidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, na mwaka 2024 kampuni iliyoitengeneza ikaiacha.

Sisi tuliamua kuendelea na donepezil, dawa ya tangu miaka ya 1990 ambayo hupunguza makali ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa, na fedha tulizonazo tukazielekeza kwa msaidizi wa nyumbani na matibabu ya shinikizo la damu. Mkienda kwa daktari kuulizia dawa mpya, nendeni na yule anayeshinda na mgonjwa, akiwa amebeba dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo, na atangulie kutaja zile za kuzuia damu kuganda.