Wasomaji Wauliza: Nungunungu, Mihogo na Mbwa

SWALI: Mhariri, shambani kwangu mihogo inaliwa usiku, lakini mashina nayakuta yamesimama. Jirani ashikilia ni nguruwe mwitu. Nitamjuaje mwizi, na nimzuieje?
Mkulima, Kakuyuni, Malindi

JIBU: Nguruwe hufukua kwa pua, akavuruga udongo na kuangusha mashina. Nungunungu huchimba kwa kucha kando ya shina, akala mhogo papo hapo. Tazama kipande kilichobaki: meno yake huacha mifuo mipana iliyolingana. Pengine utaokota na mwiba, maana hung'oka upesi.

Kuruka hajui, na kupanda ua si kazi yake, hupita chini. Weka wavu wa waya mgumu, sentimita 60 juu na 30 ardhini, ukingo wa chini ukunjwe kuelekea nje. Kwenye mchanga mwepesi zidisha kina. Waya wa kuku ni hasara tupu, na ua wa fito ataguguna. Kama fedha ni chache, zungushia mihogo iliyokomaa tu. Usimtege wala kumtilia sumu: ni mnyamapori, analindwa na sheria. Akizidi, piga ripoti KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

SWALI: Mbwa amerudi na miiba puani. Kweli nungunungu hurusha miiba? Na niikate kwanza?
Msomaji, Mpeketoni, Lamu

JIBU: Harushi. Miiba ni nywele zilizokuwa ngumu. Akitishwa huisimamisha, hupiga miguu chini, hutikisa miiba mitupu ya mkiani hadi ilie. Adui asiposikia, humwendea kinyumenyume.

Usikate: mwiba hupasuka, ukakosa pa kushika. Mtu mmoja amshike mbwa, mwingine abane mwiba kwa koleo karibu na ngozi na kuuvuta kwa mkupuo mmoja, kufuata ulivyoingia. Miiba ya nungunungu wetu haina vinyoya vya kunasa kama ya wale wa Marekani, hivyo hutoka. Kagua ulimi, kaakaa na katikati ya vidole. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Ulio kifuani, tumboni au karibu na jicho mwachie daktari wa mifugo. Jeraha likivimba baada ya siku kadhaa, huenda ncha imebaki ndani.

SWALI: Mlangoni mwa shimo kuna mifupa mingi. Ni fisi?
Msomaji, Witu

JIBU: Si lazima. Nungunungu hali nyama, lakini hukokota mifupa hadi shimoni akaiguguna: hupata madini, na hupunguza meno ambayo hayaachi kukua. Ukiona mifuo ile ile ya kwenye mihogo, ni yeye.