Yule mwanamke mwenye kalamu

SWALI: Mhariri, kwenye kalenda yangu kuna picha mbili za Kiholanzi za mwanamke anayeandika barua: moja ya Gerard ter Borch, nyingine ya Johannes Vermeer. Je, mmoja alimwiga mwenzake?

JIBU: Ter Borch alitangulia, karibu mwaka 1655, Vermeer akafuata miaka kama 10 baadaye. Walishakutana: mwaka 1653 walitia saini hati moja mjini Delft. Lakini kuiga? Mimi nasema Vermeer aliazima meza, kalamu na ukimya. Mwanamke wa Ter Borch ameinama, kitambaa kizito cha meza kimesukumwa pembeni, wala hana habari nasi. Wa Vermeer, mwenye koti la njano, ametuinulia uso kana kwamba tumemkatiza katikati ya sentensi. (Huwa naona haya kidogo.) Kalamu bado i mkononi.