Je, posta ya Marekani ilizibeba ndege na kuziangusha treni?

SWALI: Mhadhiri wetu anasema treni za abiria Marekani ziliuawa na posta, kwa kuyapa mashirika ya ndege ruzuku ndani ya mikataba ya kubeba barua. Ni kweli?

JIBU: Ruzuku ilikuwepo. Ila angalia ni mwaka gani.

Sheria ya Kelly ya 1925 iliruhusu posta kuwapa wenye ndege binafsi kazi ya kubeba barua. Mwaka uliofuata malipo yakawa ya uzito, hadi dola 3 kwa ratili katika maili 1,000 za kwanza. Stempu ziliposhuka bei mwaka 1928, mtu mwenye ndege angeweza kujitumia kifurushi kizito na bado akabaki na faida, kwa kuwa malipo ya uzito yalizidi bei ya stempu! Mwaka 1930 wakageukia kulipia nafasi ndani ya ndege: hadi dola 1.25 kwa maili, mfuko ujae usijae. Lengo lilikuwa kuwasukuma wanunue ndege kubwa za abiria. Sheria ya 1938 haikuficha kitu. Ilitaka kiwango cha malipo kizingatie mahitaji ya shirika lenyewe. Ukimlipa mchukuzi kwa shida zake badala ya mzigo wake, hiyo ni ruzuku.

Kuanzia Oktoba 1953 malipo hayo mawili yakatenganishwa. Posta ikalipia ubebaji, na ruzuku ikalipwa na bodi ya usafiri wa anga. Kwa hiyo posta ilipofuta mikataba mingi ya reli mwaka 1967, ilikuwa inanunua huduma tu, si kutoa ruzuku.

Kwa nini basi treni zilianguka? Kwa sababu barua ndizo zilizokuwa zikiwabebea abiria gharama. Tangu 1864 kulikuwa na mabehewa ambamo makarani walichambua barua treni ikikimbia; stesheni ambazo treni haikusimama, mkono wa chuma ulidaka mfuko uliotundikwa kando ya reli. Fedha hiyo ilipokatika, nauli peke yake haikutosha, na kampuni ya reli ya Santa Fe ikaomba kuondoa sehemu kubwa ya treni zake za abiria. Lakini mhadhiri wako ameyasahau malori. Namba za posta za 1963 zilihamishia uchambuzi kwenye vituo vikubwa, na barua nyingi zilizotoka relini zikaenda barabarani.

Ukitafuta ruzuku ya ndege kwa miaka hiyo ya baadaye, fungua hesabu za viwanja na za uongozaji ndege.