Falaropi wa Mirbat: kwa nini wanazunguka, na ufanye nini akikuangukia sitahani

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni nahodha wa boti ya watalii hapa Mirbat, kusini mwa Oman. Kusi ikishatulia, na kaskazi nzima, tunakuta mbali baharini makundi ya ndege wadogo, kijivu kwa weupe, wanaelea kama wamezaliwa humo. Wengine wanazunguka palepale kama pia, na wageni wananiuliza kama wana ugonjwa. Ni ndege gani? Wanatoka wapi, na mwezi wa tano wanakwenda wapi? Kwa nini siku nyingine hawazunguki kabisa? Tena, usiku mmoja tukiwa tumetia nanga, mmoja aliangukia sitahani. Nikamtia kwenye ndoo ya maji, asubuhi nikamkuta amekufa. Kosa lilikuwa wapi?

Jibu: Wa alaykumu salaam, nahodha. Hao ni falaropi wenye shingo nyekundu, kwa jina la kisayansi *Phalaropus lobatus*. Hawaumwi, wanakula. Wewe unawaona katika manyoya ya majira ya baridi, kwa hiyo hiyo shingo nyekundu hutaiona ila Aprili, wanapoanza kubadilika. Tafuta alama hizi: doa jeusi linalopita jichoni kurudi nyuma, mdomo mweusi mwembamba kama sindano, na mstari mweupe katika bawa akiruka. Mdomo ukiwa mnene na mgongo ukiwa kijivu kitupu kisicho na michirizi, mchunguze vizuri, huenda ni falaropi wa kijivu, ambaye kwenu ni adimu.

Ni jamaa wa vitwitwi wanaokimbizana na mawimbi ufukweni, ila yeye ameihama nchi kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Uzito wake ni gramu 30 hadi 40 hivi. Manyoya ya tumboni yamesongamana na kushika hewa, ndiyo maana anaelea juu juu. Vidole havina utando kama wa bata. Vina vipande vya ngozi pembeni vinavyotanuka akisukuma maji na kujikunja akiurudisha mguu mbele.

Sasa huko kuzunguka. Falaropi hapigi mbizi kutafuta chakula, anakula kilicho juu ya maji au chini yake kidogo tu. Chakula chenyewe ni vijidudu vya baharini, hasa kopepodi, vingi vikiwa chini ya milimita 6. Vikiwa chini zaidi ya urefu wa mdomo wake, inabidi avipandishe. Anapiga miguu huku anajizungusha, takriban mzunguko mmoja kwa sekunde. Maji ya juu yanasukumwa kwenda nje, na ya chini yanapanda kujaza nafasi, kutoka kina cha karibu nusu mita. Vijidudu vinapanda nayo, naye anadonoa palepale vinapoibukia.

Jibu la siku asizozunguka limo humohumo. Kuzunguka kunamla nguvu. Chakula kikiwa kimejaa juu ya maji, hana haja nako: anaogelea moja kwa moja akidonoa kushoto na kulia. Kwa hiyo ukiona kundi zima linazunguka, jua chakula kipo ila kiko chini au kimetawanyika. Waambie wageni wako hivyo, watatazama kwa jicho jingine.

Akishadonoa, kuna kazi ya pili ambayo kwa macho huioni. Kijidudu kimo ndani ya tone la maji kwenye ncha ya mdomo, na mdomo unaelekea chini. Ndege hanyonyi, wala hainui kichwa. Anaufungua na kuufunga mdomo kidogo kidogo, haraka haraka, na kwa kila mara tone linapanda hatua moja kuelekea kooni, kwa sababu ya mvutano wa uso wa maji na jinsi tone linavyoshika mdomo. Mwaka 2008 wanafizikia walilieleza jambo hili kwa hesabu na kwa midomo ya bandia. Hapo ndipo penye hatari. Mafuta au sabuni vikiingia majini, mvutano ule unavurugika na tone halipandi inavyopaswa. Ndege anaweza kuwa juu ya chakula tele na asifaidi. Mafuta hayohayo yakigusa manyoya ya tumbo, hewa inatoka, maji yanaingia, na baridi inamuua.

Kwa hiyo, nahodha, usifue maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya boti, karibu na makundi hayo, na sitahani usiioshe kwa sabuni huko nje. Falaropi hukusanyika kwenye mistari ya povu na mwani, mahali mikondo inapokutana, na kila kinachoelea, dizeli ikiwemo, hukusanywa papo hapo. Ukiuona mstari huo, usiukate katikati. Punguza mwendo mapema, zima mashine ukiwa mita 100 hivi, uache boti ielee sambamba nao. Si ndege waoga, mara nyingi watakusogelea wenyewe.

Kuhusu safari yao: wanataga kwenye vidimbwi vya tundra, nyanda za baridi zisizo na miti, kuanzia Skandinavia kupita Urusi ya kaskazini. Huko jike ndiye mwenye rangi kali na umbo kubwa. Akishataga mayai yake, kwa kawaida manne, anaondoka na kumwachia dume kutamia kwa wiki tatu hivi na kulea. Ndiyo maana wanaotangulia kusafiri kusini ni majike, kisha madume, na makinda mwisho. Njia yao inapita bara, kupitia maziwa ya Kazakistani na Bahari ya Kaspi, hadi Bahari ya Uarabuni. Wa kwanza wanafika kwenu kusi ingali kali, wakati boti hazitoki kirahisi. Pepo hizohizo za kusi ndizo zinazopandisha maji baridi yenye rutuba pwani ya Dhofar, jimbo lenu, na rutuba hiyo ndiyo inayolisha vijidudu. Aprili na Mei wanarudi kaskazini. Wengine hushuka hadi bahari ya Somalia na Kenya.

Wageni wakikuuliza kama ni walewale weupe kwa weusi, wenye midomo minene, wanaokula kaa kwenye pwani ya Barr al Hikman huko huko Oman, sivyo. Huyo ni *Dromas ardeola*, anayechimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Wengi wao baada ya kuzaa hushuka mpaka hori ya Mida, Kenya, na kwingineko Afrika Mashariki.

Tuje kwa yule wa ndoo. Taa kali usiku huwavuta na kuwachanganya, basi ukitia nanga zima za nje usizozihitaji, ukibakiza zile za usalama. Ndege aliyeanguka mara nyingi ameshalowa, na maji ya ndoo humalizia joto alilobaki nalo. Mtie kwenye boksi la karatasi lenye matundu na kitambaa kikavu chini, lifunike liwe giza, mbali na mashine na jua. Usimpe chakula wala kumtilia maji mdomoni, yataingia mapafuni. Mshike kidogo iwezekanavyo, mikono ikiwa haina mafuta wala losheni.

Kukicha, jaza beseni maji safi ya bahari, umweke kwa dakika tano. Akielea juu na manyoya ya tumbo yakatoka makavu, mwachie kwenye maji matulivu pasipo na shakwe. Akizama nusu au akitoka amelowa, mrudishe kwenye boksi, umpeleke kwa daktari wa wanyama au idara ya mazingira. Mwenye mafuta usimwoshe mwenyewe. Papasa pia mfupa wa kidari: ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda kwa njaa, na kumwachia siku hiyo ni kumuua.

Mtazame na miguu. Akiwa na pete, iandike namba yote na maandishi yote, piga picha, usiivue kwa ndege aliye hai. Wachache hubeba mgongoni kifaa kidogo cha kurekodi mwanga wa mchana, ambao kwa huo hukadiriwa ndege alikopita. Hicho hakitumi chochote hewani, taarifa zote zimo ndani yake mpaka kipatikane tena. Falaropi mmoja aliyefungwa kifaa cha gramu 0.6 kisiwani Fetlar, Shetland, huko Uskoti, mwaka 2012, alikamatwa tena mwaka uliofuata, ikagundulika kwamba alikwenda hadi Pasifiki, kati ya Ecuador na Peru, na kurudi, kama kilomita 25,000, wakati watu walidhani angekuja huku kwenu. Kwa hiyo ukiokota aliyekufa akiwa na kifaa, mhifadhi pamoja nacho kwenye barafu, uandike tarehe na mahali, uwape idara ya mazingira.