Hela ya mke iingie mfuko mmoja?

Mleta mada anasema mkewe ameanza kupata chochote kwa kukaanga samaki pale sokoni Bagamoyo, naye anataka hela zote ziwe mfuko mmoja kwa sababu nyumba ni moja. Mke kakataa. Wachangiaji wengi hapo juu wamemwita mama wa watu mbinafsi. Mimi sipo upande huo.

Nimekulia Mlingotini, baba mvuvi, mama mkulima wa mwani. Kwa msioijua kazi ile, inafuata bamvua: maji yakipwa kina mama wanaingia na kamba na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia, wanafunga mbegu, wanasubiri kama wiki sita, wanavuna, wanaanika. Mnunuzi mmoja alipoanza kuja kijijini aliandika kwenye daftari lake majina ya waume, eti ndio wakuu wa kaya. Basi mama analowa hadi kiunoni, baba anakwenda kusaini. Hela ile nyumbani ilifika ikiwa imeshageuka nyuzi za kushonea nyavu, au betri za redio, au haikufika. Mwishowe kina mama wakagoma kupeleka mzigo mpaka daftari likaandikwa upya kwa majina yao. Mavuno yaliyofuata dada yangu akavaa sketi ya shule isiyo na kiraka. Mama naye akajinunulia madera mawili na seti ya vyombo ambayo hadi leo sisi wanawe hatujaruhusiwa kuilia. Simfanyi malaika.

Ila baba akaacha kuweka hela ya mafuta ya taa. Hakugomba, hakutangaza. Siku moja tu haikuwepo.

Miaka mingi baadaye, nikisoma uchumi, nikakutana na Gary Becker, aliyepata Nobel mwaka 1992. Katika maelezo yake familia ni kama chombo chenye nahodha mmoja anayewapenda wote waliomo. Hela ikiingia kwa mume au kwa mke, matumizi yatatoka yaleyale. Huo ndio mfuko mmoja wa mleta mada. Shelly Lundberg na Robert Pollak hawakuridhika. Mwaka 1993 wakaeleza ndoa ambamo wawili wakinuniana si lazima wafike kwenye talaka: kila mmoja anarudi kwenye eneo lake analolijua, wa nyavu na nyavu zake, wa jikoni na jiko lake. Niliposoma pale nikamwona baba na kibatari chetu kisicho na mafuta.

Ushahidi wao ulitoka Uingereza. Kati ya 1977 na 1979 serikali kule iliondoa nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto, ambayo kwa kawaida ilikuwa inanenepesha mshahara wa baba, na badala yake ikaweka posho ya watoto anayopokea mama. Mwaka 1997, wakiwa pamoja na Terence Wales, walionyesha kwamba matumizi ya nguo za wanawake na za watoto yalipanda kulinganisha na nguo za wanaume. Nguo, wakuu! Sketi ya dada yangu.

Kisa cha kwetu hakina uzito huo, na nisiwadanganye. Wale kina mama waliogoma huenda walikuwa na sauti ndani ya nyumba tangu zamani, na msimu ule samaki walikuwa shida. Kule Uingereza hakuna ndoa iliyojichagulia. Badiliko liliwakuta wote. Kwa hiyo anayelalamika hapa kwamba hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mara nyingi hupokewa na wanawake, ajue mkono unaopokea si jambo dogo la karani.

Mleta mada, achana na mfuko mmoja. Kaeni mgawane: nani ada, nani mchele, nani kodi ya nyumba. Na kama unataka kupunguza hela ya matumizi kwa kuwa "naye siku hizi anapata", mwambie usoni, asije akagundua usiku watoto wanasoma gizani.

Mzee wangu sasa hashuki tena baharini. Hela ya mwezi namtumia mama kwa simu. Kila nikituma, haipiti nusu saa baba ananipigia kuuliza kama huko kwetu mtandao una tatizo.